Hodi kwa Vyungu

Mchezo uliomba jina, herufi sita tu.
Ghalib ataka lake, mie nataka langu,
tukavutana hata waya ukachomoka ukutani,
ndipo Baba akasema: basi, tieni la bibi yenu.
Mwanakombo halikuenea.
Shujaa akaitwa MWANAK,
kijana wa kofia ya manjano na upanga mfupi,
na Bibi, kitandani, tasbihi mkononi,
akauliza: "Sasa mimi naenda wapi?"

Hiyo ni Bondeni, ghorofa ya pili,
Ramadhani, watu washarudi tarawehe.
Mashine Baba aliinunua kwa baharia Mfilipino
aliyekwishiwa na pesa kule Kilindini.
Sahani ya kaimati katikati ya mkeka
na sheria ya Mama: mwenye shira vidoleni
haishiki padi.

Kijiji cha kwanza. Ghalib aingia nyumba ya watu,
avunja vyungu vitatu, aokota dhahabu.
"We!" Tasbihi ikasimama.
"Nyumba si yako, hodi hukupiga,
vyungu vya watu wavunja, na jina ni langu!
Kesho nitawatazama kwa uso gani?"

Tangu usiku huo, kwenye kila mlango
MWANAK alisimama. Twasema sote: hodi.
Twangoja.
Bibi akiitikia mwenyewe, karibu,
ndipo twaingia, twapita ubavu, vyungu vizima.
Kwa hivyo tulikuwa maskini mchezo wote:
ngao ya mbao mpaka pango la saba,
mioyo mitatu, mshale mmoja.

Maneno ya Kiingereza yalipita chini ya kioo
na Baba akitusomea kwa Kimvita, hasiti.
Joka alisema: nilikuwa na jirani mwema, akahama.
Mfalme wa mnarani alikuwa amekimbia deni la sukari.
Mchawi aliomba radhi kwa maneno marefu
hata Mama akafuta jicho, akasema ni kitunguu,
na kitunguu hakikuwapo.

Mama hakuigusa padi hata siku moja.
Lakini pale penye taa nne na mlango wa shaba,
siku tatu tumekwama, alipita na ndoo,
akasema, "Anzeni na ya nyuma, kama majiko,"
akaenda zake. Mlango ukafunguka.

Ramani Baba alizichora kwenye karatasi za bandari:
upande huu pango, mto, daraja bovu,
upande wa pili hesabu ya magunia ya saruji.
Mchezo wa pili tuliumaliza kwa mwaka na kitu.
Wa tatu, lango la mwisho,
stima ikapotea Bondeni nzima
na hakuna aliyekuwa amehifadhi.
Mpaka leo Ghalib asema zamu ilikuwa yangu.

Nilipokwisha kukijua Kiingereza
nikaurudia ule wa kwanza, peke yangu, sauti chini.
Joka hasemi ila "Kufa!"
Mfalme hadaiwi na mtu.
Mchawi hana radhi, acheka, afifia, basi.
Nilikaa na ile padi mapajani
mpaka adhana ya alfajiri.
Baba sikumwambia.

Sasa niko Mikindani na binti yangu Swabra,
mashine ile ile, kifuniko kimefungwa kwa utepe.
Yeye Kiingereza asoma upesi kunishinda.
Hata hivyo jana joka alipofungua kinywa
alisimamisha mchezo, akanigeukia:
"Mama, huyu asemaje hasa?"
Nikamwambia la jirani aliyehama.
Akatikisa kichwa, kama kwamba alishajua.

Ghalib apiga simu kutoka Maskati:
"Lango mmelipita?"
Bado.
Kando ya lango kuna nyumba, sikuwahi kuiona,
mlango u wazi nusu, vyungu vinane ndani,
na sisi hatuna hata mshale.
Swabra ameondoa kidole kwenye kitufe.
Tumeshasema hodi.
Tumesimama nje.