Deni la Chizuru

Alipanda mawe ya Mabatini wiki ya kwanza ya masika,
viatu mkononi,
akauliza kipande cha sabuni ni bei gani.
Nikamtajia. Hakununua. Akaandika.

Kalamu yake haiendi, inashuka.
Inaanzia juu kulia, inadondoka
kama maji ya bati kwenye ndoo ya mama Bugingo.
Nikajisemea: huyu haandiki, huyu anakinga mvua.

Kesho yake, mapanki.
Nani anakula mnofu, nani anabaki na mifupa,
kichwa kimoja cha sangara kinatosha watu wangapi,
mafuta mnapima kwa kijiko au kwa jicho?
Wateja wakacheka hadi wakasahau chenji.
Mimi nilijibu yote,
maana hakuna aliyewahi kuniuliza
nimekijuaje ninachokijua.

Miezi minne.
Akajifunza kusema mwangaluka na kuinama,
ingawa kuinama alikuja nako.
Akaijua foleni ya maji saa tisa usiku.
Akajua mawe juu ya paa langu si uchawi,
ni upepo wa ziwa.

Ndipo akaliona kaunta buku langu, jalada limeliwa na panya.
Kwilasa: mkaa, makopo mawili, mpaka mwanawe arudi Ukerewe.
Mwalimu Sospeter: mkate nusu, tarehe thelathini.
Mjane wa kona: chumvi. Chumvi. Chumvi.
Akaomba alale nalo, usiku mmoja tu.
"Kitabu ninachokitafuta," akasema,
kwa Kiswahili chake cha kupima hatua,
"wewe umeshakiandika."

Nikalifunga.
Bei nilikupa, nikamwambia, mifupa nilikupa,
hata saa ya maji nilikupa.
Deni la mtu ni nguo yake ya ndani,
haianikwi barazani.
Hakubisha. Aliinama.
Chai yake ikapoa mezani, nikaimwaga mwenyewe.

Sasa yuko kwao. Nasikia kitabu kimetoka,
picha ya duka imo, mimi simo: ndivyo nilivyotaka,
na siku nyingine sijui kama ndivyo nilivyotaka.

Ila ukurasa wa arobaini na mbili, kwa mwandiko wangu:
Chizuru. Kiberiti, sabuni kipande. Mia saba.
Kwilasa ananiambia futa,
nani atavuka bahari kwa mia saba?
Sijafuta.
Mchana, duka likiwa halina mtu,
naufungua ukurasa ule
na jicho langu linaanza, lenyewe, juu kulia.