Kioo cha Karabai

Kabla taa za sola hazijafika Kirumba
mimi nilikuwa fundi karabai.
Wenye mitumbwi walinijua kwa harufu ya mafuta ya taa,
nikibadilisha utambi, nikizibua sindano,
nikifunga kioo kipya na kukipangusa kwa shati langu mwenyewe.
Sasa dagaa wanavuliwa kwa betri.
Hakuna anayeniita. Nimebaki na gunia.

Gunia lenyewe limejaa vigae:
chupa za soda za kijani, chupa za bia za kahawia,
dirisha la duka la Bwire, lililovunjwa na mpira wa watoto,
na chini kabisa, vimefungwa kwenye gazeti,
vioo vya karabai nilivyoshindwa kuvitupa.

Nimejenga tanuri nyuma ya nyumba, Mabatini,
pale mawe mawili yanapoegemeana kama walevi.
Udongo wa kichuguu, majivu, kinyesi cha ng'ombe.
Mvukuto ni tyubu ya lori na ngozi ya mbuzi,
na anayeuvuta ni Minza, mke wangu,
anavuta huku ananisema:
"Wenzako wanauza vocha."
Pfu, unajibu mvukuto. Pfu.

Twanga chupa kwenye kinu kikuukuu
(usije ukatwanga tena mahindi humo).
Chekecha kwa kipande cha chandarua.
Jaza unga wake kwenye vishimo vya kalibu ya udongo,
chomeka katikati ya kila kishimo kikonyo cha jani la muhogo:
kitaungua, kitaacha tundu la uzi.
Kisha mkaa. Kisha kusubiri mpaka wekundu ugeuke
rangi ya papai lililoiva, na unga ule unywee,
ujikunyate kama mtu anayesikia baridi.

Shanga zangu za kwanza nilizitoa mapema.
Nikazipanga juu ya jiwe, nikamwita Minza aje aone.
Ta. Ta. Ta-ta.
Zikapasuka moja moja mbele yetu, kama bisi,
Minza akacheka mpaka akakaa chini.
Tangu siku hiyo nazilaza kwenye majivu ya moto,
nazifunika, na siendi kuchungulia.
Asubuhi zimepoa, nzima.
Za kijani zina wateja.
Za kahawia Minza kazivaa mwenyewe, hajasema kitu.

Juzi nikafungua lile gazeti.
Gunia zima la mkaa, usiku kucha,
chupa zikayeyuka kando yake kama samli,
vioo vya karabai vikakaa tu, vikinitazama.
Nilisahau. Mimi, fundi!
Kioo kile kilizaliwa kuishi na moto,
usiku baada ya usiku, katikati ya ziwa,
mvua ikikipiga kwa nje, joto likikilamba kwa ndani.
Utakitishia mkaa wa kupimiwa kwa kopo?

Leo nimevitoa majivuni.
Si shanga. Si chochote.
Ila ncha zimekuwa butu, kingo zimelainika;
nimepitisha kidole gumba pembeni, polepole,
na sikukatika.

Minza amekichukua kimoja, amekiweka dirishani
pale jua linapoingia saa kumi.
Akasema: leo vuta wewe mvukuto,
mimi bega linauma.

Pfu.