Ringi ya Mbele, Kushoto

Eurig, shemeji yangu, barua hii haina stempu
kwa sababu siitumi.

Ilikuwa Jumamosi, barabara ya mlimani juu ya Rhayader,
mvua ile ya Wales isiyonyesha wala kukatika,
inaning'inia tu kama mgeni aliyekwisha kuaga.
Mabli kiti cha nyuma, tarumbeta mapajani,
akiufanyia wimbo mazoezi kwa vidole, bila kupuliza.
Maili arobaini na tano kwa saa. Naapa.
Nilimwapia polisi, nikamwapia mama yako,
nakuapia na wewe usiyeuliza.

Kwanza ulikuja mlio. Haikuwa tairi kupasuka,
mlio wa tairi naujua. Huu ulikuwa mkavu,
kama sahani ikivunjika chumba cha pili
na watoto wakanyamaza.
Kisha usukani ukawa wa mtu mwingine.

Sitasema maisha yangu yalipita mbele ya macho.
Aliyepita ni kondoo, alama ya buluu mgongoni,
kichwa chini miguu juu,
na sarafu zote nilizopoteza tangu mwaka juzi
zikitoka chini ya viti, zikidondokea dari.

Halafu ukuta.
Ukuta wa mzee Bebb, mawe yaliyopangwa bila saruji,
ukatupokea, ukaachia, jiwe baada ya jiwe,
kama watu wanaosogeana kwenye benchi.
Ungekuwa na saruji, nisingekuwa na mdomo.

Mabli alitoka dirishani kabla yangu.
Hakulia. Alisimama katikati ya barabara, soksi moja,
akaitia mdomoni tarumbeta iliyopinda shingo
akapuliza, aone kama i hai.
Ikatoa sauti moja, mbaya, ndefu.
Kondoo wote wakainua vichwa.
Nami nimening'inia kwenye mkanda, nikasikia:
tuko wawili.

Mkaguzi wa bima alikiweka kipande mezani,
mwanamke mpole kama mkunga.
"Tazama, pana rangi mbili.
Hapa panang'aa kama sukari, ni pa siku ile.
Hapa peusi, vumbi la breki limeingia. Ufa wa zamani."
Ndio uliotuangusha?
Akavua miwani. "Huenda. Huenda ni shimo la barabarani.
Huenda ringi ndiyo iliyoleta ukuta,
huenda ukuta ndio uliomaliza ringi.
Nitaandika: haikuthibitika."

Lakini chini ya rangi, Eurig, rangi ile ya fedha
uliyopuliza bandani kwako Krismasi ile,
ringi nne, kila moja na utepe mwekundu,
palikuwa na mshono wa kulehemu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga.
Hawakusema kitu juu ya mtu aliyeuziba vizuri mno.
Maana Jumapili ya pili yake nilikukuta kwa Bebb,
mvua shingoni, ukimpokeza mawe moja moja,
hukuitwa na mtu, hukumwambia mtu,
mikono imechubuka,
unajenga ukuta.

Kipande kilikuwa mfukoni mwangu.
Aloi ni nyepesi, ndiyo sifa yake;
siku hiyo ilinivuta koti upande.
Nikakumiminia chai. Ukauliza, "Mabli hajambo?"
Nikasema anapuliza kwa shingo ileile iliyopinda,
hataki inyooshwe.
Ukacheka, ukakohoa, ukageuka haraka kuchagua jiwe.

Siku hizi, kabla sijawasha gari,
nazigonga ringi zote nne kwa kijiko, nasikiliza.
Nzima hulia. Yenye ufa hujibu kama udongo.
Majirani wanadhani kichwa ndicho kilichogonga ukuta.

Kipande kipo kwenye droo ya vijiko.
Ukija kunywa chai, keti tu, Eurig.
Kijiko nitakupa mimi.