Kadi Tano Zinazonakili

Oulu, Januari. Jua liliingia kazini saa nne,
saa nane na nusu limeshaaga.
Juu ya karakana ya baiskeli ya Tuukka
tumeunganisha meza mbili ziwe moja,
na Pihla ameleta boksi la viatu:
kadi mia moja tisini na mbili, mchezo aliobuni babake,
zimekatwa kwa mkasi, kingo zina meno.

Mimi nimepewa zile zinazonakili. Ziko tano.
Niseme ipi ibaki, ipi itoke,
kabla watu wanane hawajaketi Jumamosi
kufungua pakiti, kuchagua moja, kupitisha kushoto.

Kinyonga. Gharama nne. Huwa kiumbe chochote kilichopo mezani.
Hii haina bei yake, nasema, ina bei ya jirani.
Jirani akiwa dubu, umepata dubu kwa bei nzuri;
akiwa sungura, umemlipia sungura fedha za dubu;
na meza ikiwa tupu, umeshika karatasi.
"Kwa hiyo mbaya?" Tuukka, grisi kwenye kucha.
Siyo mbaya. Hesabu kwanza wanaostahili kuigwa.
Nimewahesabu: kumi na wawili boksi zima.
Sita kwa kumi, kwa penseli.

Mwangwi hurudia uchawi wa mwisho uliotamkwa.
Rahisi mno. Jana Ranja alinichoma nayo,
akanichoma tena palepale,
kisha akala andazi la mdalasini
akisubiri nikubali kwamba nimekufa.
Gharama mbili iwe tatu.

Mwizi wa Sura anachukua umbo la aliye mkubwa kuliko wote
lakini nguvu zake hubaki moja.
Mwiga tembo; tunajua kilichompata.
Ibaki. Watu wanahitaji kucheka raundi ya pili.

Joho la Kuazima: uwezo wa mwingine, zamu moja tu.
La kuazima halisitiri, na zamu ikiisha
unasimama uchi mbele ya mbwa mwitu wanne.
Itoke.

Ya tano, Kivuli cha Mlinzi. Hapa nikakwama.

Kalervo alikuwa fundi wa lifti, hakuwa na subira na herufi.
Vile vinukta viwili juu ya a
alivipitisha mstari mmoja, kama mtu anayekata jina orodhani.
Kadi zote ziko hivyo.
Hii nayo iko hivyo, ila mstari wake umetulia,
umenyooka kupita kiasi,
na katikati pana doa, pale kalamu ilipopumua.

Nikamtazama Pihla. Anamenya chungwa.
"Zilikuwa mia moja tisini na moja," akasema.
"Haigawanyiki kwa wanane."

Kengele ya mlango ikalia chini. Tuukka hakushuka.

Nikarudi kwenye kadi, maana ndiyo kazi.
Gharama tatu. Huingia kama nakala ya mlinzi wako.
Na sheria za mzee, ukurasa wa pili, zimesema wazi:
asili ikiondoka mezani, nakala haiondoki.
"Na mlinzi akifa kabla kivuli hakijaingia?"
Ranja huuliza hivyo kwa kila kadi, hana nia mbaya.
Basi hakuna cha kunakili, nikajibu. Inaanguka bure.
Lazima iingie yeye angali yupo.

"Alikuwepo," Pihla akasema.
"Wodi ya sita, dirisha la mtoni.
Nilikuwa nimeandika gharama mbili.
Akasema mbili ni ulafi."

Maganda ameyapanga mstari ukingoni mwa meza.
Nje mtu anapita na baiskeli kwenye theluji,
tairi zinalia kama meno juu ya sukari.

Naandika tisa.
Naifuta, naupuliza unga wa kifutio.
Naandika saba na nusu,
kwa sababu ni saba na nusu,
na Pihla, akiipokea, anaisoma mara mbili,
anatikisa kichwa kukubali
kama vile mtu fulani alivyokuwa akitikisa.