Saa Saba, Juu ya Boneti

Ofisi yetu ina soketi moja,
soketi hiyo ina feni,
na feni hiyo ina mwenyewe.
Kwa hiyo chakula changu kitaliwa kama kitakavyofika.

Nimejifunza kwa meno.
Ugali wa alfajiri, ikifika mchana,
unaweza kuuwekea mlango usibamizwe na upepo.
Wali hugeuka changarawe.
Chapati hukakamaa kama hati ya kiwanja cha mtu aliyekufa.
Samaki ndiyo usiseme:
masjala nzima itajua ulichokula,
mpaka mafaili ya mwaka sabini na nne.

Nikaona bora chipsi za getini.
Mwaka mzima, na soda, na chumvi ya kumwagia,
hadi nesi aliponichoma kidole,
akatazama kimashine,
akanitazama mimi,
akataja namba, asiongeze neno.

Siku hizi naamka saa kumi na moja na robo.
Kunde zimelala majini, nazibandika.
Wakati zinatokota nakata kitunguu, nyanya, tango,
nakamua ndimu, naponda karanga kiganja kimoja
(kiganja changu, si cha mume wangu).
Kisha matobolwa, vipande vinne,
nimevihesabu, nesi asije akaniuliza.
Hayo huletwa na basi la Sikonge, kwenye kiroba cha shangazi,
viazi vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa
mpaka vikigongana vinalia.
Utotoni niliyaonea aibu. Nilitaka mkate.
Sasa nayabeba katika bakuli la mfuniko mwekundu
kama mtu aliyebeba mshahara.

Uani pana Landrova ya serikali.
Haina magurudumu, imekalia matofali,
na dereva wake, Msonda,
bado anasaini mahudhurio kila asubuhi.
Jua la Tabora la mwezi wa tisa halina huruma na bati.
Saa sita natoka na bakuli, nimelifunga kwenye kanga,
naliweka juu ya boneti, narudi kwa mafaili yangu.
Saa saba kunde zimekumbuka jiko.

Walicheka, wacha wacheke.
"Kalunde anapika kwa gari la serikali,
tena bila mafuta!"
Nikawajibu: ndivyo nesi alivyoniagiza.

Wiki ya tatu nikagundua
kwamba boneti halina vumbi tena.
Gari lote limevaa wekundu wa barabara,
vioo, milango, hata namba zake,
ila pale, upana wa bakuli,
pamefutwa.
Sikumuuliza Msonda. Naye alikuwa akitazama pembeni.

Halafu Novemba, na mawingu.
Mvua ilianza saa sita na nusu
nikakimbilia bakuli langu, kanga imelowa,
na mlango wa Landrova ukafunguka kwa ndani.
"Ingia," akasema.

Nilikula kunde za baridi.
Hazikuwa mbaya. Ndimu haidai moto,
na karanga haijali ni saa ngapi.
Mvua ilipiga bati mpaka hatukusikiana.
Msonda alishika usukani kwa mikono miwili,
akaukata kidogo kushoto, kama pana shimo.

"Tumefika wapi?" nikapaza sauti.

"Tunaikaribia Sikonge," akasema,
akitafuna tobolwa langu la nne.