Choroko za Murghab

Saa tatu na dakika kumi, saa za Osh,
nahesabu vijidirisha: thelathini na saba.
Katika kila kimoja jiko, sufuria, kipimajoto
na uso uliosogea mno kwenye kamera.
Nimewaambia wachemshe maji. Basi.
Maji matupu, bila chumvi, bila majani ya chai.
Yakitokota, semeni nyuzi ngapi.

Mwalimu Mehrangez wa Dushanbe kasahau kuzima maikrofoni,
tunamsikia akimgombeza paka.
Doniyor wa Tashkent kavaa shati la shule,
na kamera ilipoteleza tuliiona suruali ya kulalia.
Mzee Yerzhigit hayuko nyumbani kwake Aktau:
ameshuka kwa gari la mwanawe hadi kitako cha bonde la Karagiye,
mita mia na ushei chini ya usawa wa bahari,
jiko la gesi amelikinga upepo kwa mlango wa gari
na ndevu zake zinapepea kama bendera.

"Tisini na saba," nikaanzisha mimi.
"Tisini na nane na nusu," Tashkent.
"Mia! Mia na nukta nne!"
Mzee anashangilia kama aliyenyakua mbuzi wa mashindano.

Kisha Aizirek, kutoka Murghab,
picha yake ikikwama, ikifunguka, ikikwama:
"Themanini na nane."

Kimya. Halafu kicheko cha Doniyor:
"Kipimajoto chako kimelewa."

Hakujibu. Aliinamisha simu juu ya sufuria,
tukaona mapovu manene yakipanda, yakipasuka,
maji yenye hasira zote za maji
na joto pungufu.

Nilikuwa na mchoro wenye mishale, na neno kanieneo
limepigwa mstari mara mbili.
Nikaeleza: huko juu hewa ni chache,
haiyalemei maji, nayo hutoroka mapema.
Ukiongeza moto huongezi joto,
unaongeza mvuke tu.

Mkono wenye pete ya fedha ukaingia dirishani kwa Aizirek,
ukaigeuza simu. Kitambaa cheupe. Jicho moja. Kisha uso mzima.
"Mwalimu, rudia hapo pa moto."
Nikarudia.
"Hata ukikoka samadi ya yaki ya majira yote ya baridi?"
"Hata hivyo, mama."
"Na choroko?"
"Choroko zitakawia sana. Nyingine zitagoma kabisa."

Akanyamaza. Tulidhani mtandao umekatika.

"Nililetwa hapa nina miaka kumi na minane, natoka Uzgen,
ambako choroko huiva mtu akisuka nywele.
Mama mkwe alikimwaga chungu changu kizingitini, wageni wakitazama.
Akasema mikono yangu ni ya baridi.
Likawa ndilo jina langu, Mikono Baridi,
hadi siku ya mazishi yake,
nami ndiye niliyewapikia waombolezaji."

Yerzhigit alizima gesi ili asikie vizuri.
Paka wa Dushanbe alilia mara moja.

"Kwa hiyo si mimi," akasema bibi.
Halikuwa swali, ila nilijibu:
"Si wewe. Ni hewa."
Akainua macho darini,
akaitazama hewa kama mtu atazamavyo mdeni
aliyekula naye miaka hamsini.

Mchoro wangu sikuufungua tena.
Doniyor alikuwa amevua miwani,
anaifuta kwa ncha ya shati, anaifuta tena.
"Bibi," akasema, "zipo sufuria za kufunga kwa skrubu,
mvuke haupati pa kutokea,
humo maji hulazimika kungoja. Tukutumie?"

"Meno yamebaki manne," bibi akasema.
"Leteni upesi."