Kumi na Kimoja

Baba alisema pampu imekufa.
Mimi naisikia inagonga: ti, ti, ti, ti,
kama mtu anayehesabu pesa zisizo zake.
Sikubishana. Tangu mvua za mwaka juzi
sikio lake la kulia limefunga duka,
la kushoto hufungua saa lipendayo.

Morisi yetu, ya mwaka hamsini na saba,
rangi ya chai iliyozidi maziwa,
ilituzimikia mara tatu njia ya Haputale.
Mara ya tatu, mchuma chai mmoja
alishuka na gunia lake mgongoni,
akasukuma jiwe chini ya gurudumu la nyuma,
akapanda tena bila neno.

Pampu nzima hugonga mbio, kisha taratibu,
kisha kimya: kabureta imejaa.
Hii yetu hainyamazi.
Nikachomoa bomba, nikalitia kwenye chupa ya siki:
povu, tone, povu.
"Debe tupu!" nikapaza sauti.
"Debe gani?" akauliza Baba.

Skrubu sita. Ya tano ilinitoa damu.
Ndani, kiwambo kimekakamaa,
kina nyufa kama magaga ya kisigino,
na platini zimechimbika, moja ina shimo
ambamo ungeweza kuficha punje ya ufuta.
Miaka mingapi imekuwa ikipumua upepo
na kuuita petroli?

Vipuri vilitoka Kolombo kwa treni ya usiku,
Bwana Farook kavifunga kwenye gazeti la kriketi.
Baba alisoma matokeo kwanza.

Kuna vigurudumu vya shaba, vidogo kama dengu,
hukaa duara kukizunguka kiwambo
ili kisiyumbe kikivutwa.
Kumi na kimoja.
Baba alitandaza saruni yake magotini kuvipokea.
Nikahesabu: kumi.
Nikahesabu kwa Kisinhala, kisha kwa Kitamili cha jirani:
kumi.
Tukafagia. Tukachungulia mtaroni. Kuku akashukiwa.
"Kumi vinatosha," nikasema, nimechoka.
Akaniangalia kama nimetukana marehemu Mama.

Aliposimama kwenda kuinjika chai,
kitu kikadondoka kwenye pindo la saruni,
kikalia sakafuni, tin!
Yeye akaendelea kwenda zake.

Kiwambo kipya unakikaza hadi kikatae kuruka,
unakilegeza tundu moja moja hadi kiruke,
halafu tundu nne zaidi, wala si tano.
Mikono yangu ilijua kabla ya kichwa.

Nikamwita. Nikaweka kidole chake juu ya pampu,
kidole cha mpima ardhi, kucha imepinda,
nikawasha swichi.
Ti-ti-ti-ti. Ti, ti. Ti.
Midomo yake ilikuwa ikihesabu.

Ti.

Mimi bado nilikuwa nikingoja nyingine.
"Imeshiba," akasema Baba,
akaufuta mkono kwenye saruni,
akaniuliza chai yangu niliiweka wapi.